Bi Nukta na Mwandishi wa Saba

Kuna jambo nimemficha Bi Nukta karibu muda wote tuliofanya kazi pamoja. Afya yangu hainiruhusu tena kuahirisha mambo, kwa hiyo nitalisema humu humu, kwenye kijitabu cha sherehe yake. Linahusu jina moja, la mwisho kabisa katika safu ya waandishi. Lakini kwanza mstaafu apewe haki yake.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na mbili katika jarida letu la utabibu, Bi Nukta atafunga droo ya meza yake na kumkabidhi mwingine ufunguo. Mhariri mkuu wa sasa ameniomba mimi, niliyekalia kiti hicho kabla yake, niandike wasifu huu. Mkono wangu hautulii siku hizi. Mimi nasema nikiwa nimelala, na mke wangu anaandika. Alama zikikosewa, Bi Nukta amlaumu yeye.

Alipofika kwetu ofisi ilikuwa hiki hiki chumba kirefu nyuma ya hospitali, kinachogawana ukuta na chumba cha kufulia. Dirisha linatazama kamba za shuka. Mvuke ulikuwa ukipenya hadi kwenye makabati, karatasi zikajikunja kama zinasikia baridi. Akapewa kazi tuliyoikimbia wote: kupanga marejeo. Kwa wageni wasioijua, ni hivi. Daktari anapoandika makala, kila anapotegemea kazi ya wenzake huweka namba kwenye mabano. Mwisho wa makala namba hiyo hufuatwa na majina ya walioifanya kazi ile, kichwa chake, jarida, mwaka na kurasa. Wengi wetu tulikuwa tunayatupia marejeo mwishoni kama nguo chafu kwenye kapu.

Siku hizo tulikuwa tukisomeana. Mmoja anasoma mswada kwa sauti, pamoja na alama zote, mwingine anafuata kwa kidole kwenye chapa ya majaribio. Sauti ya Bi Nukta ilipita ukutani: "Mkato. Nukta. Nuktapacha. Fungua mabano." Jina lake alipewa na wafuaji, sisi tukalidandia tu. Aliwahi kuugua mafua, sauti ikamkauka, na kabla ya saa ya chai msimamizi wa wafuaji akabisha hodi. "Jamani, Bi Nukta yuko wapi? Leo shuka hazikunjiki, hatuna wa kutupigia mdundo."

Isidhaniwe kwamba hakukosea. Ilipokuja programu ya kompyuta ya kupanga namba, alibonyeza mahali asipopajua, na marejeo ya toleo zima yakageuka namba moja. Shinikizo la damu, kuvunjika nyonga, macho mekundu, kila ugonjwa ukawa umethibitishwa na makala ileile kuhusu minyoo ya watoto. Alishika kichwa, akatutazama, kisha akacheka hadi akaketi sakafuni. "Wenzangu," akasema, "tumegundua chanzo cha maradhi yote." Tuliacha shughuli zetu tukamsaidia kuyarudisha, na sikumbuki wiki nyingine tuliyocheka vile kazini.

Jambo moja hakulilegeza kamwe: rejeo ambalo makala yake haijaonekana haliingii. Waandishi hunakiliana marejeo, huyu kwa yule, mpaka kosa la wa kwanza linakuwa kama kweli. Basi Bi Nukta alikuwa akipiga simu. "Daktari wangu, pole na kazi. Hii namba kumi na mbili umeisoma, au umesimuliwa?" Kama amesimuliwa, hakumwaibisha. "Haya, tuitafute wote," angesema, na kweli angeitafuta, maktaba hadi maktaba.

Sasa nifike kwenye lile jina.

Ipo makala ya zamani kuhusu watoto njiti wanaopewa joto kifuani mwa mama zao. Waliiandika watu saba, na karibu kila anayeandika kuhusu watoto wachanga huitaja. Kanuni yetu ilisema hivi: waandishi wakizidi sita, andika sita wa kwanza, kisha weka "na wenzake". Kwa hiyo kila makala ile ilipotajwa, sita walisoma majina yao na wa saba akakatwa. Akawa ndiye "na wenzake", peke yake.

Bi Nukta alilileta suala hili kwenye kikao cha bodi. Katibu wetu, mtu mwema lakini mbahili wa nafasi, akamwambia, "Bi Nukta, kanuni ni kanuni. Tukimwachia huyu, kesho watakuja kumi na watano wanataka kuingia. Utawaweka wapi, kwenye jalada?"

Mimi niliinuka nikasema naenda kunywa maji.

Sikwenda mbali. Nilisimama kwenye ujia kati ya ofisi na chumba cha kufulia, bilauri mkononi, na mlango haukufungika vizuri. Nikamsikia akijibu, bila kupandisha sauti:

"Sidai kumi na watano, ndugu katibu. Nadai mmoja. Wakiwa saba, neno 'wenzake' ni mtu mmoja tu, na jina lake halizidi urefu wa hilo neno tunalomfichia. Nimeisoma makala yenyewe. Imeandikwa kwamba watoto wote walipimwa uzito na mwandishi wa saba, asubuhi na jioni. Mimi simjui, sijawahi kumwona. Lakini watoto walipita mikononi mwake. Tumwandike."

Kisha nikamsikia katibu akiguna na kusema, "Haya mama, umeshinda. Wakiwa saba, wote saba." Kanuni hiyo ipo mpaka leo. Vijana wa ofisini wanaiita Sheria ya Bi Nukta na wengi hawajui ilianzia wapi.

Niliporudi, bilauri ilikuwa imejaa vilevile. Aliitazama, akanitazama. "Maji hayakuwa mazuri, Mzee?" akauliza. Nikasema yalikuwa ya moto. Hakuniuliza tena, si siku hiyo wala baadaye. Mhariri hapaswi kuamua jambo linalomgusa nyumbani kwake, ndiyo maana nilitoka. Hilo lingetosha kuelezwa siku ileile. Lakini kila nilipofungua kinywa, nilijikuta nazungumzia toleo lijalo, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Tangu wakati ule, kila toleo jipya lilipotoka nililipeleka nyumbani. Mke wangu alinipokea mkoba mlangoni na kuniuliza neno moja tu: "Yumo?" Hakukuwa na toleo lenye makala ya watoto njiti ambalo sikumjibu, "Yumo." Naye alichukua miwani yake, akakaa karibu na dirisha, akatafuta mpaka akaona.

Bi Nukta, umetupangia marejeo ya maelfu ya kurasa, na hakuna daktari hapa asiye na deni la shukrani kwako. Pumzika sasa. Amka jua likiwa limeshachomoza, soma hadithi ambazo hazina namba hata moja, cheza na wajukuu. Nenda ukaishi vizuri, mama, kwa afya na furaha nyingi. Nisipoweza kufika Ijumaa, jua kwamba nilitamani kukupa mkono.

Mke wangu ameweka kalamu chini. Nimengoja. Ameishika tena.

Mwandishi wa saba alitumia jina la ukoo wa mumewe, na homa ilimchukua kabla makala yake haijachapwa. Hakuwahi kuandika nyingine. Ni binti yetu.