Mkia wa Tatu wa Mdudu wa Nane

Marehemu kaka yetu, fundi saa ambaye wengi mlimwita Mzee Lenzi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba iliyo hatua sitini kutoka mtoni. Hatua hizo alizihesabu mwenyewe. Kuhesabu kulikuwa maradhi yake tangu utotoni.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akasomea ufundi wa saa, na mwaka 1972 akafungua duka chini ya ngazi za posta, chumba kidogo hata mteja akiingia, fundi hana budi kuinuka. Jumamosi alifunga, akaenda kuvua. Minyoo ya chambo hakuitaka ng'o! Alifunga manyoya kwenye ndoana yafanane na wale wadudu wembamba wa mtoni, wanaosimamisha mabawa wima na kuishi siku moja tu. Kwa lenzi yake ya saa aliwatambua mmoja mmoja: rangi ya bawa, ukubwa wa jicho, kama kuna bawa dogo la nyuma, na mikia, miwili au mitatu. "Samaki hajasoma," alisema, "lakini hadanganyiki."

Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa mshonaji wa duka la jirani. Siku walipokutana, mdudu alitua begani kwa binti huyo, naye kaka akalikodolea macho bega bila hata salamu. "Umemaliza kumhesabu?" wifi akauliza. "Haya, sasa nisalimie mimi." Uzi wa chambo ukatoka kwake tangu hapo.

Mwaka 1998 alichora chati ya wadudu kumi na wawili, ikabandikwa kwenye banda la wavuvi. Wa nane, mweusi wa asubuhi, aliandikwa mikia miwili. Chambo chake samaki walikikataa, na lawama tukawapa samaki.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Mwezi uliopita binti yake alimletea kitandani mweusi wa asubuhi ndani ya gilasi. Akavaa lenzi, akahesabu mikia. Mitatu! Yule wa 1998 alikuwa amekatika mkia kwenye kibano chake. Jamani, alilia, mtu mzima yule. "Nimewapotosha watu miaka yote hii. Nisizikwe na kosa hili." Akaanza kufunga chambo kipya, mikono ikakataa. Binti akamalizia mkia wa tatu huku baba akimgombeza kama zamani. Jumamosi hiyo binti alirudi kutoka mtoni na samaki wawili walionaswa kwa chambo hicho, na mzee akacheka hadi muuguzi akaja mbio.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa moja asubuhi.

Ameacha mke, binti mmoja, wajukuu wanne, dada yake anayesoma haya, na chati yenye kosa. Kwa wasia wake, wavuvi, toeni kalamu. Mdudu wa nane: mikia mitatu. Sahihisheni kwenye chati iliyochapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi, tunawasubiri.

Haya, kaka. Imesahihishwa. Sasa pumzika.