Siku Tuliyobishania Kuiga

Benchi letu liko kwenye kona ya njia ya kiwanda cha pamba, hapa Bariadi. Malori yakipita msimu huu, vipande vya pamba vinabaki vimenasa kwenye nywele za watu. Mimi ndiye ninayepika kahawa, mtoto mgongoni, birika juu ya jiko la mkaa. Wateja wangu wa asubuhi ni Shija fundi baiskeli, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimi. Danford, tunayemwita Katibu kwa sababu aliwahi kuwa katibu wa chama cha wakulima. Na Mboje mnunuzi wa ng'ombe, tunayemwita Mapembe. Wa nne alikuwa mzee Masalu. Alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, mguu ukawa wa kuburuta na maneno yakawa yanatokea upande mmoja wa mdomo, lakini aliendelea kuja. Jumatano iliyopita Redio alisimama akamwiga, mguu na mdomo, na sisi tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Tulipogeuka, Masalu alikuwa nyuma yetu. Aligeuka polepole akaenda zake. Leo ni Jumatatu, hajarudi.

— Mimi sikumtukana, alisema Redio. Nilimwiga tu.

— Kumwiga mtu ni kumtukana, alisema Katibu.

— Nani kasema? Mtoto anamwiga baba yake kushika jembe. Hilo nalo tusi?

— Hapo anajifunza. Wewe ulikuwa unajifunza kuburuta mguu?

Mapembe alicheka peke yake, akaona haya. Kisha akasema:

— Mnabishania neno hata hamjui lilikotoka. Kuiga kumetoka kwa wafugaji.

— Kwako wewe kila kitu kimetoka kwa ng'ombe.

— Sikiliza basi! Ndama akifa, mama yake anagoma kutoa maziwa. Unamchuna yule ndama, ngozi unaijaza majani makavu, unaisimamisha pembeni. Ng'ombe anailamba, maziwa yanashuka. Mtu wa kwanza kufanya hivyo aliulizwa, unafanya nini? Akasema, naiga. Ndiyo mwanzo wake.

— Aliulizwa na nani?

— Na mke wake.

— Kwa Kiswahili? Huko kwenu Nkololo, enzi hizo?

— Katibu, wewe unywe kahawa.

Katibu alinywa, lakini hakuishia hapo.

— Neno hilo limeletwa na pamba. Wazee walikuwa wanamwaga mbegu ovyo. Likalimwa shamba la mfano, mistari imenyooka, wakaambiwa, haya, igeni. Kabla ya hapo hakuna Msukuma aliyewahi kuiga kitu.

— Na ngoma walichezaje bila kutazamana miguu?

— Walizaliwa wanajua.

— Nyie wote mmepotea, alisema Redio. Aliyeanza ni fisi. Alikuwa anapita nyuma ya boma, akasikia watu wanacheka, akakibeba kicheko porini. Watu nao wakamsikia fisi, wakakiiga tena. Kicheko mnachocheka leo kimepitia kwa fisi.

— Chako ndiyo, alisema Mapembe.

— Mama Jilala, Redio akanigeukia, wewe mwenye akili, tuambie. Kuiga na kujifanya vina tofauti gani?

Mimi niliishia la saba, lakini jambo hilo nilikuwa nimeliwaza tangu Jumatano.

— Kuiga unamtazama mwenzako, nilisema. Kujifanya unataka wenzako wakutazame wewe.

— Basi Jumatano mimi nilikuwa naiga.

— Jumatano ulikuwa unatutazama sisi kama tunacheka. Na tulikuwa tunacheka.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja, miguu yake ina vumbi la njia. Alipiga magoti kidogo kuwasalimia wazee kwa Kisukuma.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu, wakaitikia, wakimwita mama.

— Mimi ni Kabula, binti wa Masalu.

Redio alisimama haraka.

— Dada, ni mimi. Ni mimi niliyemfanyia vile. Nisamehe sana.

— Baba hajataja jina la mtu, kaka. Hasemi kabisa. Tangu Jumatano anaonyesha kwa mkono tu, hata mjukuu wake akimwita haitiki. Lakini sikuja kugombana. Nimeambiwa hapa kuna mtu hodari wa kumwiga.

Tulitazama chini wote.

— Mimi nimeolewa Migato, aliendelea. Nilimwacha anaongea vizuri, nikaja kumkuta hivi. Hatuna simu iliyowahi kumrekodi. Mwanangu anadhani babu yake alizaliwa hivyo. Nyie mmekaa naye miaka mingi. Kabla hajaugua, akifika hapa asubuhi, alikuwa anasalimiaje? Nataka mwanangu ajue. Hata mimi nimeanza kusahau.

Redio alifuta mikono kwenye suruali. Akafumbua mdomo, na mdomo ukaenda upande. Akaacha, akameza mate, akajaribu tena. Ikatoka ile ile, na mguu nao ukaburuta wenyewe bila yeye kutaka.

— Hiyo tunayo nyumbani, alisema Kabula kwa upole. Wala siichukii. Naulizia ile ya mwanzo.

Katibu alivua kofia. Mimi nilikumbuka kwamba zamani hizo Masalu alikuwa akinipokea mtoto wangu wa kwanza kila asubuhi ili nimimine kahawa bila kumuunguza, na kila mara alimwambia mtoto maneno fulani, na mtoto akatulia. Nikayatafuta maneno yale. Nilisikia sauti ya Redio tu, na juu yake kicheko changu.

Kabula aliketi mwisho wa benchi, mikono mapajani, akatusubiri kwa adabu, kama mtu anayewapa wenzake muda wa kukumbuka.