Unyasi Mmoja wa Ufagio wa Mama Mumba

Bila mimi, Zakari wa mlangoni, Lubumbashi isingejua performansi, sanaa ya kutendwa kwa mwili mbele ya watu, ni kitu gani; hata Wazambia walikuwa wanavuka mpaka wa Mokambo kuja kunisikiliza nikiieleza. Lakini leo, tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na tatu, anayestaafu katika nyumba yetu ya sanaa ya Bel-Air ni Mama Marie-Thérèse Mumba, mfagiaji wa jukwaa, na nimekubali kumwandikia.

Alianza vibaya. Juma la kwanza, msanii alichora njia kwa unga wa mahindi, Mama akaifagia yote, msanii mwenyewe angali anatembea juu yake. Toka siku ile hakugusa kitu bila kuuliza: "Hii ni uchafu ao ni kazi?" Maprofesa wamekuja hapa, swali lile hawakulifikia.

Ila siku yake kubwa ni ya msanii Syntiche, miaka kumi na moja iliyopita. Baba ya huyu binti alifunikwa na udongo ndani ya shimo la shaba. Basi akalala jukwaani, akaomba kila mtazamaji ammwagie beseni moja la udongo mwekundu, mpaka kidevuni.

"Muntu asiniguse," alisema. "Mama Mumba peke yake atajua mwisho."

Mama akachomoa unyasi mmoja wa ufagio, akauweka chini ya pua ya Syntiche, akapiga magoti. Unyasi ukacheza kwa pumzi yake. Beseni la arobaini, bado unacheza, lakini polepole. Kifua kimelemewa. Ukumbi ukapiga kelele.

"Mama, mutoshe, umutoe! Atakufa!"

"We mama, uko na roho gani?"

"Munyamaze! Iko anapumua. Mwenye kuogopa, mulango ule pale kwa Tonton Zakari."

Hakuna aliyetoka. Unyasi ukasimama, hauchezi tena.

Mama alitupa ufagio, akachimba kwa kucha, udongo ukiruka mpaka viti vya mbele. Syntiche akakohoa, akalia. Hakuna aliyepiga makofi.

"Sasa nifagie?" Mama akamwuliza.

"Fagia, mama. Imeisha."

Hiyo ndiyo performansi. Sinema utairudisha nyuma; hii ilifagiwa, imebaki kwa aliyeiona tu.

Asante, Mama. Sasa ufagie uwanja wako mwenyewe kule mtaani kwako Hewa Bora, na miaka yako iwe mingi na mitamu.

Kitu kimoja. Nimesimulia kila mahali kwamba tulichimba wawili. Ukweli ni kwamba unyasi uliposimama nilifunga macho, nikayafungua niliposikia ufagio ukifagia. Ya katikati, Mama ndiye aliyeniambia.