Kuhusu Mwalimu Nafuna na Mwandiko wa Kuunganisha

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule. Mwalimu Mkuu, Bwana Ephantus. Walimu, wazazi wenzetu na watoto wetu:

KARIBU

Karibu Shule ya Msingi ya Relini. Tumeketi juani tangu saa mbili, na hilo hatulilalamikii, tumezoea. Tulikuwa tumeandikiwa risala ya ukurasa mmoja, ya kushukuru tu. Tumeiacha ofisini. Hii tumeiandika wenyewe, sisi wazazi wa darasa la tatu, na anayekusomea ni mwenyekiti wetu, Zainab.

HISTORIA

Mwalimu Nafuna alifika hapa kutoka Bungoma mwaka wa 1983, akapewa darasa la tatu, na hajaliacha mpaka leo. Kila Alhamisi baada ya mapumziko alichora mistari minne ubaoni kwa rula ndefu ya mbao, akawafundisha watoto kuunganisha herufi. Hakuwa na masihara. Mtoto akiinua penseli katikati ya neno alimwuliza, "Neno halijaisha, wewe unaenda wapi?"

Mwaka wa 1990 kipindi hicho kiliondolewa kwenye ratiba. Mahali pake pakawekwa mitihani ya majaribio, ile ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Nafuna aliuliza sababu, akaambiwa mwandiko hauna maksi zake. Yeye ni mtumishi. Alinyamaza, akaifungia rula kabatini. Sisi wazazi tulinyamaza pia, na kosa hilo ni letu.

MAFANIKIO

Tumekumbushwa mara mbili tusisahau mafanikio. Haya: mwaka jana tulikuwa wa tatu katika zoni. Na leo, Mgeni rasmi, umekuja kufungua chumba cha mashine ya kurudufisha mitihani. Mashine tumeiona. Ni nzuri.

Mafanikio mengine ni Mitchell, namba moja wa darasa la saba. Mama yake, Jentrix, anafanya kazi katika kiwanda cha nguo na hakupata kusoma. Mwezi wa Juni mwaka jana alipokea barua kutoka kwa mama yake mzazi, akampa Mitchell amsomee. Bibi huyo huandika kwa kuunganisha, kama alivyofundishwa utotoni. Mtoto aliikodolea macho ile karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Inasema nini?" mama yake akauliza.

"Herufi zimeshikana, Mama. Hapa inasema Baba amelewa tangu Ijumaa. Huku chini siwezi."

Jentrix alikasirika. Baba yake alikuwa ameacha pombe miaka kumi na miwili, tangu aokoke. "Kumbe ameanza tena," akasema, akaitupa barua juu ya kabati na kwenda zamu yake.

Siku tisa baadaye, Barasa, mtu wa kwao aliyetoka nyumbani siku hiyo, alibisha mlangoni kumwuliza mbona hakuonekana mazishini.

Jentrix alimpelekea Nafuna barua ile. Nafuna aliisoma amesimama mlangoni pa darasa. Haikusema amelewa. Ilisema amelazwa. Ile herufi ya zedi yenye mkia Mitchell hakuwa ameiona maishani mwake, akairuka, akabahatisha neno. Huko chini alikoshindwa paliandikwa, "Anakutaja kila saa. Usichelewe."

"Mtoto hana makosa," Nafuna alimwambia Jentrix. "Alipita mikononi mwangu na sikumfundisha."

CHANGAMOTO

Kesho yake Nafuna alifungua kabati. Kwa kuwa ratiba haikuwa na nafasi, alichukua saa yake ya chakula. Watoto sitini na mmoja walibaki naye kwa hiari, na Jentrix, akiwa na zamu ya usiku, alikuja akabanana nao kwenye dawati la nyuma.

Mwalimu Mkuu, tunayemheshimu na anayetusikia hapa, alimwita ofisini.

"Mwalimu, unawachosha watoto kwa kitu ambacho mtihani hauulizi."

"Na barua je, Bwana Ephantus?"

"Siku hizi barua zinapigwa taipu."

"Mamake Jentrix hana taipureta."

Bwana Mkaguzi, tuliiandikia ofisi yako. Barua ya kwanza tulijibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Ya pili, kwamba faili haionekani. Ya tatu, kwamba tutume nakala za zile mbili. Tulizituma. Kisha mwezi huu ukaja mwenyewe, ukamkuta Nafuna ubaoni saa saba mchana, ukatazama dakika tano, ukaondoka. Tulifikiri umependezwa.

Wiki iliyofuata ikaja barua yako, uliyoiandika kwa mkono. Nafuna alituletea kwenye mkutano wa wazazi, akaiweka mezani, akarudi kuketi nyuma. Tulimpa mvulana mmoja wa darasa la nane atusomee. Alihangaika nayo, akairudisha. Ndipo Sumeya, binti wa Yusuf mwenye bucha, mtoto wa miaka tisa, akapanda juu ya benchi akaisoma yote bila kusita: kwamba Mwalimu Nafuna anahamishiwa shule moja upande wa Gatuanyaga, kuanzia Jumatatu ijayo, kwa kutofuata ratiba.

Hatukujua kama tumpigie makofi. Nafuna alikuwa ameinamisha kichwa. Sumeya hakuwa ameelewa vizuri alichokisoma; alikuwa bado anaitazama karatasi.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtu anaandika vizuri. Hainui kalamu."

MAOMBI

Tuna maombi mawili tu, na hayahitaji kamati.

La kwanza, kipindi cha mwandiko kirudi Alhamisi, dakika thelathini na tano. Mashine yako itabaki na siku nne nzima.

La pili, Nafuna abaki. Leo ni Ijumaa. Ameshafunga masanduku, na Barasa ameazima pikapu ya kumhamisha Jumapili. Mtu wa kuisimamisha pikapu hiyo ni wewe.

Bwana Mkaguzi, tumeutazama sana mwandiko wako. Hukuzaliwa nao. Kuna mwalimu aliyesimama nyuma yako ukiwa mdogo, akakushika mkono, akakuonyesha jinsi zedi inavyoshuka. Hatumjui jina. Wewe unamjua. Kabla ya kukata utepe wa kile chumba, tunaomba umkumbuke, kisha utujibu hapa hapa, kwa mdomo. Majibu ya barua yametuchosha.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, awape afya walio nyumbani kwako, na ailainishe kalamu yako.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Tatu,
Shule ya Msingi ya Relini, Thika,
1996.