Ernesta na Duara la Mistari Miwili

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Ernesta Niyibizi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya mitambo ya maji hapa Kasulu. Vijana wa ofisini walitaka kuandika wao. Nimewakatalia. Wao wamemkuta. Mimi, mpika chai na mwosha sakafu, ndiye niliyempokea akitoka Kibondo na sanduku la bati, sweta amelivaa ndani nje.

Aliajiriwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wanaume waliifunika kitambaa wakaiogopa. Ernesta aliifunua. Akajifunza kwa vitabu vya kuazima, hadi akatunga programu ambayo wageni wa vyuoni huja kuitazama.

Nitaieleza, maana wengi hapa mnapiga makofi bila kuielewa. Unaipa programu sentensi ya wakati, yenye maneno kama daima, mpaka, baadaye, iliyoandikwa kwa alama za mantiki. Inakugeuzia sentensi hiyo kuwa maduara na mishale. Wenyewe wanayaita otomata. Duara ni hali uliyomo, mshale ni kinachotokea. Duara lenye mistari miwili ndipo unapotakiwa kurudi, tena na tena, bila mwisho. Usiporudi, ahadi imevunjwa. Kwa maduara hayo tunakagua kila kisanduku cha umeme kinachoamua bomba lipi lifunguke na lini, kabla hakijapelekwa kijijini.

Ernesta hakuamini kioo cha kompyuta peke yake. Asubuhi alichora maduara kwa chaki kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, akanitembeza juu yake na ndoo yangu, yeye akitaja kinachotokea. Nilimgombeza sana. Lakini ukungu ukiwa umelala dirishani, na sauti yake ikija polepole, miguu ilikwenda yenyewe. Nilijiona msichana tena, nateremka na mama kuchota maji Muyama, njia haiishi wala sichoki.

Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya kisanduku cha kijiji cha Makere. Sentensi yake ilisema kwamba, daima, anayeomba maji baadaye atapata. Maduara mawili tu: la waliotulia na la wanaongoja. Nikasimama kwenye la kungoja. Bado, akasema Ernesta. Bado. Bado. Chai ikapoa jikoni. Nikatazama chini, duara langu nalo lina mistari miwili!

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mashine yako imeridhika, na ndoo yangu haina hata tone."

Alikaa chini palepale kwenye chaki, na sketi yake nyeusi. Programu ilikuwa imekosea mahali pa mstari wa pili. Kungoja milele ilikuhesabu kuwa kupata. Na kisanduku kilikuwa kimeshapita ukaguzi huo. Ernesta akakataa kukisainia. Mkuu wetu wa wakati ule, Bwana Shamsi, alifoka: "Kazi ya Makere isimame kwa maneno ya bibi wa chai?" Akamwandikia barua ya onyo. Ya pili ingemfukuza kazi.

Siku tisa alirekebisha, nami nikatembea mpaka visigino vikapasuka. Kisanduku kilipokaguliwa upya, ikaonekana bomba la bondeni lingengoja bila mwisho huku mawili ya juu yakipokezana. Kisanduku kikatengenezwa. Bondeni wanachota mpaka leo, wala hawamjui. Bwana Shamsi aliomba arudishiwe barua yake. Ernesta akakataa. Iko kwenye fremu, juu ya birika langu.

Asivimbe kichwa sasa. Ni mkaidi, hasikii akiitwa kula, na vikombe vyangu saba hajarudisha.

Juzi nilimuuliza atakuja lini kututembelea. "Baadaye, dada," akanijibu. Baadaye! Yeye, kati ya watu wote! Mimi nimesimama kwenye hilo neno na ndoo mkononi, nalijua lilivyo refu.

Ahsante, mdogo wangu. Karakana nzima inakuombea afya, usingizi mtamu, na mvua ya kutosha kwenye maharage yako. Kwa ajili ya sherehe nimeosha sakafu yote, isipokuwa duara moja ulilochora wiki iliyopita karibu na mlango wa jikoni. Lina mistari miwili. Nimeweka kiti chako ndani yake, na deki yangu haitapita hapo.

Bibi Kudra, jikoni