Norman Greenhalgh, Mpiga Ngoma Asiyesikika Katika Wimbo Wake

Ndugu, majirani na nyote mliowahi kucheza muziki wake, familia imenituma mimi, Edna, niwasomee maisha ya kaka yangu Norman Greenhalgh, aliyezaliwa hapa Bolton tarehe 9 Machi 1943, mtoto wa kwanza wa mzee Wilfred, mfanyakazi wa reli, na mama Hilda, mfumaji wa kiwanda cha pamba, ambaye makopo yake yote ya biskuti yalibonyea kwa vijiti vya marehemu, aliyeyapiga kama ngoma kabla hajaanza shule.

Alisoma hapa hapa hadi mwaka 1958, akaingia ufundi bomba, na mwaka 1961 yeye na wenzake Ronnie na Alf, ambao tunao hapa, wakaanzisha bendi ya Tuesday Lads, iliyotikisa nchi nzima mwaka 1964 kwa wimbo “Njoo Dirishani, Muriel”, na mwaka uliofuata kwa “Viatu Vyangu Vimelowa”, nyimbo ambazo baadhi yenu mlichumbiana nazo, msikatae.

Msichokijua wengi ni kwamba kaka yangu hasikiki ndani ya nyimbo hizo, maana siku ya kurekodi kule London mtayarishaji, aliyetaka kazi iishe mapema, alikuwa ameshaita mpiga ngoma wa kukodi, kama ilivyokuwa desturi yao, akamwambia Norman, “Wewe kijana, kanywe chai, tutakuita,” na hakuitwa, na mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Kwenye televisheni nako bendi ziliigiza tu huku santuri ikizunguka, kwa hiyo mikono mliyoiona ni ya kaka yangu, mlio ni wa yule bwana. Mama aliwaita majirani sebuleni, “Msikieni Norman wangu,” na Norman akainamia kikombe chake.

Alifunga ndoa na wifi yangu Beryl tarehe 18 Juni 1966, wakajaliwa watoto wawili, Gail na Keith, na bendi ilipovunjika mwaka 1968 akarudi kwenye mabomba, ila kila Ijumaa alipiga ngoma katika klabu ya wafanyakazi, na hata huko watu walimkatiza, “Norman, piga kama kwenye santuri, bwana,” naye akapiga hivyo hivyo, akimwiga mtu aliyekalia kiti chake.

Mwaka 2014 alipatikana na maradhi ya kutetemeka, akawa akiutazama mkono wake na kutuambia, “Siku hizi unapiga wenyewe, ila haufuati wimbo,” tukacheka kwa sababu hatukuwa na jingine la kufanya. Alipozidiwa alimwambia mkewe, “Beryl, siku ya kuniaga usinipigie za yule bwana, nitafutie moja ninayopiga mimi.” Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 4 Novemba 2021.

Tumeitafuta hiyo moja. Kituo kimoja cha redio kiliwahi kuwaalika wapige moja kwa moja mwaka 1965, Keith akaenda kuulizia, akajibiwa kwamba kanda za miaka ile zilifutwa zikarekodiwa mambo mengine, na kule klabuni kila mtu alimkumbuka, hakuna aliyemrekodi. Alituomba kitu kimoja tu katika maisha yake, nasi tumeshindwa, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliomletea Beryl supu bila kuulizwa, na mafundi bomba wenzake waliolibeba jeneza.

Jeneza linapotoka sasa, Ronnie na Alf watapiga “Muriel” kwa magitaa mawili tu. Katikati ya wimbo kuna mahali ambapo ngoma hubaki peke yake, na hapo wao watanyamaza mpaka pale zamu ya ngoma inapokwisha. Nawaomba msiijaze nafasi hiyo ya Norman kwa makofi wala miguu.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, leo hakuna wa kukikalia kiti chako.