Walinibeba kwa Wimbo wa Viazi

Bwana wa milima yetu asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana leo tumekaa pamoja watu wa kila kanisa la Karuba. Mimi ni Mama Riziki. Nimesimama hapa nikiwa hai, na aliye mgongoni mwangu anakoroma kana kwamba ushuhuda huu haumhusu.

Mnajua desturi yetu. Pikipiki ikishindwa na tope, mgonjwa anabebwa kwa kipoyi, blanketi iliyofungwa kwenye mianzi miwili, na kila kanisa linabeba watu wake. Wakatoliki wana wabebaji. Wasabato wana wabebaji. Sisi wa kile chumba kidogo cha maombi tuna nani? Wajane na vikongwe! Kuomba tunaweza, mabega hatuna. Na mume wangu alikuwa mbali, kwao Walikale.

Uchungu ulinishika Jumamosi asubuhi, baada ya mvua kubwa. Mama Furaha, mkunga wetu, alinipapasa tumbo, akanyamaza. Ndugu zangu, mkunga akinyamaza, ogopa! Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na hospitali iko ng'ambo ya vilima. Nililia. Nilisema, Bwana, mimi ni wako, sasa mimi na mtoto tufe kwa kukosa mabega?

Mama Furaha akakimbia pekupeku hadi kwa Wasabato, akasimama mlangoni katikati ya mahubiri, akaeleza. Papa Elia, mzee wao, akafunga Biblia yake.

"Sabato njo leo," akawaambia watu wake, "na muntu wetu wa kubeba njo ule mama. Twende!"

Walikuja na mashati yao meupe ya ibada! Njiani tukamkuta Papa Yosefu wa Wakatoliki akipalilia. Akatupa jembe, akaingia chini ya mwanzi pamoja na wanawe.

Hapo shida ikaanza. Kipoyi kinataka hatua moja, na hatua inataka wimbo. Wa mbele wakaanza wimbo wa kwao, wa nyuma wakaanza wa kwao. Kila mguu na dhehebu lake! Nilirushwa huku na huku. Kwenye mteremko mbebaji mmoja akateleza, nikaona kaburi.

"Bapapa!" nikapiga kelele. "Muimbe ile munajua bote, ao munizike hapa!"

Wakasimama. Wote wanajua nini? Ndipo Papa Yosefu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, akaanzisha wimbo wetu wa kupanda viazi, ambao hauna hata neno moja la Mungu. Wote wakaitikia! Miguu ikapatana, blanketi ikatulia. Nikiwa katikati ya maumivu yale nilisikia amani, nikawapenda wote, hata walioimba vibaya. Nikajua Bwana mwenyewe ameshika mwanzi.

Tulifika. Daktari alinipasua, na mtoto akalia. Mume wangu aliponipigia simu aliuliza, "Ni bantu ba kanisa gani balikubeba?"

"Ba makanisa yote," nikamjibu. Mwanaume yule alilia kuliko mtoto.

Asante, Papa Elia. Nimeona tope la njia ile halijatoka kwenye shati lako, na kila nikiliona moyo wangu unajaa. Na wewe unayeogopa kwa sababu huna mtu, mwite Bwana, umtumaini! Mabega anayo, na mengine ameyaweka katika makanisa usiyoingia.

Sasa tusimame tumshukuru. Papa Yosefu, tuanzishie ule wa viazi.